Mwaka Ambao Nepi Hazikukauka

Mwezi uliopita tulimzika baba mkwe wangu, na nilipopita mbele ya jeneza kuaga ndipo nilipomwangalia usoni kwa mara ya kwanza bila wasiwasi. Nimeishi uwanja mmoja naye zaidi ya miaka ishirini. Kikohozi chake nakijua, cha asubuhi na cha jioni, na redio yake, na jinsi anavyomsema jogoo. Lakini kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto nililiona siku ile, akiwa amelala na hana habari na mimi. Kwetu Unyakyusa mkamwana hamkaribii baba mkwe. Zamani bibi arusi akimwona mkwewe njiani alijitupa kichakani mpaka mzee apite. Sisi wa juzijuzi tumepunguza makali, vichakani hatujitupi, ila hatukai chumba kimoja, hatupeani mikono, hatukatizi mbele yake, na nguo zetu hazianikwi mahali anapoweza kuziona. Nikasimama pale kwenye jeneza nimeganda, foleni nzima nyuma yangu, mpaka wifi yangu Tupokigwe akanisukuma kiuno na kuninong'oneza, "Sogea bwana, mama Sekela. Leo hawezi kukukimbia." Nikacheka msibani. Nilijifunika khanga usoni upesi na mabega yakawa yanatikisika, na akina mama wa kanisani wakanishika huku na huku, wakisema maskini, alimpenda sana mkwewe. Sikuwasahihisha. Walikuwa wamepatia kwa bahati.

Jioni ile tukajaa chumba cha nyuma, wanawake na watoto, tunakula mbalaga kwenye sinia, zile ndizi zilizopikwa na nyama mpaka zimelegea. Binti yangu Sekela, aliyekuja kutoka Mbeya, akamlaza mwanawe kitandani, akamfungua pampasi. Mapajani mtoto alikuwa na wekundu, na vipele vidogo vimezunguka pembeni. Mkono wangu ulisimama na tonge katikati ya safari. Sekela hakushtuka hata kidogo. Alimkausha mtoto taratibu kwa kitambaa, akatoa tyubu ndogo kwenye mkoba, akampaka kidogo, akamwacha wazi arushe miguu. "Fangasi tu, mama," alisema. "Wiki mbili imekwisha." Akaendelea na stori yake ya mwenye nyumba wa Mbeya. Fangasi tu! Mimi neno hilo "tu" nililitafuta mwaka mzima sikulipata. Na aliyenisumbua mwaka huo, kwa miguu ile ile ya kurusharusha, ni yeye mwenyewe Sekela.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeolewa Mpuguso, na nina cheti cha kidato cha nne ambacho nilikiweka kwenye sanduku chini ya vitenge kama mtu aliyeficha bastola. Biolojia ndilo somo nililofaulu kuliko yote. Kwenye mtihani nilichora ukungu wa mkate na vijiti vyake na vichwa vyake, nikaandika majina yote pembeni, mwalimu akaweka alama ya vema kubwa. Basi nilijiona mtaalamu wa fangasi. Ila ni fangasi wa mkate, ambao Mpuguso wakati ule tuliula Krismasi hadi Krismasi. Mimi kwa asili ni mtu wa ndani. Wenzangu waliota kwenda Dar es Salaam, mimi niliota chumba chenye mlango unaofungika na blanketi zito. Nikapata. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba kubwa, kimepakana na jiko, dirisha dogo linatazama migomba. Mume wangu alikuwa utingo kwenye lori la mizigo la Tunduma, akija siku mbili anaondoka wiki tatu. Mbele ya nyumba kubwa kulikuwa na uwanja uliofagiliwa, ukitazama barabara na mlima Rungwe, na hapo ndipo jua lilipopiga, siku lilipoamua kupiga. Hapo pia palikuwa na benchi la baba mkwe, na waya wa kuanikia nguo zake na za mama mkwe. Uwanja ule ulikuwa wa mzee. Upande wangu ulikuwa nyuma: jiko, migomba, tope, na ubichi usioisha.

Asiyeijua Rungwe namwambia hivi: tuna majira mawili, majira ya mvua na majira ya kusubiri mvua. Sekela alizaliwa katikati ya yale ya kwanza. Nepi nilikuwa nazo kumi na mbili. Nusu zilitokana na flaneli la zamani la mama mkwe, na nusu nilizikata kwenye khanga zangu mwenyewe, zile nilizovaa toka nikiwa mwali. Hapo ndipo mkosi ulipoingia, ingawa sikujua. Nepi iliyokatwa kwenye khanga ya mkamwana ni nguo ya mkamwana bado, na haiwezi kupepea mbele ya macho ya baba mkwe. Kwa hiyo nilizianika nyuma, kwenye kamba iliyofungwa kati ya migomba miwili, kwenye kivuli kinachodondosha maji hata mvua ikiwa imekatika. Jioni nikazihamishia jikoni juu ya moshi. Asubuhi zikawa vuguvugu, zina harufu ya samaki mkavu, na ukizibana shavuni unasikia ubaridi katikati. Nikamvalisha mtoto hivyo hivyo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nikamvalisha juu yake chupi ya plastiki, mkojo usiloweshe shuka. Nikawa nimemfunga mwanangu kwenye mfuko kama maandazi ya moto.

Miezi mitatu haijatimia akapata kifua. Tukapewa dawa ya maji ya kunywa, kifua kikapona. Wiki iliyofuata nikamfungua nikaona mapaja mekundu, mekundu ya kung'aa, kwenye mikunjo kumechubuka kama nyanya iliyomenywa, na pembeni vipele vidogo vimetawanyika. Nikamwosha, akapiga ukelele ambao sijausahau. Nikamwita mama mkwe. Nilimwita juba, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kinyakyusa, na Kiswahili chake kilikuwa hakina habari na herufi r. Akainama, akaangalia, akasema, "Hii ni balidi, mwanangu. Mpake mafuta ya mgando." Nikampaka mafuta ya mgando, manene, juu ya ngozi mbichi, chini ya nepi mbichi, ndani ya plastiki. Nikisimulia hivi leo nasikia aibu mpaka vidole vya miguu. Hata yule ukungu wangu wa mtihani sikumtunza vizuri namna hiyo.

Kisha ukaja utando mweupe mdomoni. Nilidhani ni maziwa, nikaufuta kwa kitambaa, haukutoka. Na chuchu zangu zikaanza kuwaka kila anaponyonya. Tupokigwe, ambaye wakati ule alikuwa bado hajaolewa na ulimi wake haujapata kazi nyingine, alikwenda dukani akaleta ile dawa ya zambarau, jivii, akampaka mtoto mdomoni kwa unyoya wa kuku. Sekela akawa na mdomo kama amekula wino. Jumapili nikaenda naye kanisani nimemfunika, lakini mtoto si mtungi, akatoa kichwa akapiga miayo. Kanisa zima likaona zambarau. Mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka, akaangalia mdomo, akaniangalia mimi, akaangalia mgongo wangu kama anapima nimekonda kiasi gani, akageuka tena mbele kuimba. Nikajua anachowaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kukiwaza.

Vijana wa sasa hawawezi kuelewa. Miaka ile utando mdomoni na ngozi kuchubuka vilikuwa ni hukumu. Watu hawakutaja ugonjwa kwa jina, walisema "umeme", walisema "ile kitu". Na mume wangu alikuwa mtu wa Tunduma, mpakani, malori, nyumba za wageni. Siku moja niko chumbani nanyonyesha, nikasikia jikoni upande wa pili wa ukuta, Tupokigwe na jirani yetu wanamenya ndizi.

"Mtoto mdomo umejaa utando," jirani alisema, "na huko chini nasikia kumeoza."

"Hakujaoza. Kumechubuka."

"Haya, kumechubuka. Kaka yako anakuja lini?"

"Unamtakia nini kaka yangu?"

"Mimi? Simtakii kitu. Nauliza tu, huko Tunduma huwa analala wapi."

Kisu kikanyamaza. Kisha nikamsikia Tupokigwe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hata mimi najiuliza."

Nilimkandamiza mtoto kifuani mpaka akalia. Kutoka hapo kila kitu kikawa dalili. Nikikohoa, dalili. Nikichoka, dalili. Nilijipima mkono kwa vidole kila asubuhi, kidole gumba na cha kati, kama vinakutana zaidi kuliko jana. Mume wangu alikuja siku mbili katikati ya kipindi hicho, nikamchunguza alivyolala kama mnunuzi wa ng'ombe, ulimi, kwapa, shingo. Akafumbua jicho moja akaniuliza, "Mama Sekela, umepoteza kitu?" Nikasema natafuta kunguni. Akaondoka alfajiri anajikuna kwa imani.

Nikaenda sokoni Tukuyu. Sikuenda hospitali, kwa sababu hospitali wangeniambia. Kwenye meza ya vipodozi kulikuwa na mwanamke mchangamfu aliyeuza krimu zenye picha ya mrembo mweupe kwenye boksi. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, nina mtoto ana vipele. "Dada, chukua hii," alisema. "Inatoa chunusi, inatoa mabaka, inatoa upele, inang'arisha. Kila kitu humu humu." Nikachukua. Na nitasema ukweli, siku ya tatu wekundu ulikuwa umezima. Ngozi laini, mtoto analala, mimi naimba. Tulikula viazi na maziwa mgando jioni ile nikasikia ladha ya chakula baada ya wiki kadhaa. Nikamtania Tupokigwe kwamba elimu ina maana yake. Siku ya nane ikarudi, na safari hii imepanda mpaka tumboni na imeshuka nyuma ya magoti, haina mpaka, imekasirika. Nikaongeza krimu. Ikatulia kidogo, ikaruka mbele tena. Sekela aliacha kulia akiwa anaoshwa, akawa anagumia tu, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Krimu ilipoisha nilikwenda kutafuta nyingine, yule mwanamke hakuwepo mezani, mvua ilikuwa imewafukuza. Nikajikinga kwenye kibaraza cha duka la dawa la Bi Mwajuma. Alikuwa mama wa Kiislamu, mtu mzima, wa familia ya wafanyabiashara wa pale mjini, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na macho yasiyokubali hadithi. Nikamwonyesha boksi tupu, nikamwuliza kama anayo.

"Unapaka wapi?"

"Usoni, bibi."

Akanitazama uso. "Uso wako haujawahi kuona krimu hata ya bahati mbaya. Huyo mgongoni ana nini?"

Nikamshusha mtoto. Akafungua ubao wa kaunta, akaniingiza ndani, akatandika gazeti juu ya boksi la madawa, akaniambia nimfungue. Alipoona chupi ya plastiki alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga mwiba. Alipoona ngozi hakutoa sauti. Akawasha tochi akaangalia mdomoni.

"Mwanangu, hii ni fangasi. Na wewe umekuwa ukimlisha. Hii krimu ya warembo inazima moto wa ngozi, unadhani umepona, kumbe fangasi yuko chini anashukuru kwa chakula. Nani kakwambia uipake mtoto?"

"Mwenyewe."

"Umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Ndiyo maana," alisema, na hakufafanua.

Nikaanza kulia, nikamweleza chuchu zinavyowaka, nikamwuliza lile swali ambalo sikuwa nimemwuliza mtu yeyote, kama ni ile kitu. Alimfunga mtoto khanga peke yake, bila nepi. Kisha akasema kwamba fangasi wa mtoto mchanga anakuja kwa ubichi, anakuja baada ya dawa za kifua, anakuja kwa watoto wa kila aina, lakini yeye ni muuza dawa, si mganga wa kuona damu kwa macho. "Mdomo huo na hayo maziwa yako yanataka hospitali. Ukiwa hapo, pima. Usipopima utakufa kwa kuwaza, na hiyo haina krimu." Akaongeza, "Mimi siuzi kitu leo. Nenda, wakikuandikia, rudi."

Ile korido ya hospitali bado ninaiota. Benchi la mbao, ukuta wa kijani nusu na mweupe nusu, wanawake tumekaa tumejifunika khanga mpaka puani wakati kila mmoja anajua jina la mwenzake. Nilitoa damu. Nikaambiwa nisubiri. Sekela alilala mapajani kwangu akiwa na mdomo wake wa zambarau uliopauka, na mimi nikapanga mazishi matatu, langu, lake, na la baba yake, nikafika mpaka kwenye suala la nani atarithi kabati la vyombo. Nikaitwa. Daktari alikuwa kijana, akaniambia sina. Nikamwambia arudie. Akarudia: sina, na nirudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha. Nilirudi, sikuwa nayo. Lakini siku ile sikusikia furaha niliyoitegemea. Nilisikia kama mtu aliyekuwa amebeba gunia la mawe akaambiwa kumbe ni gunia la viazi: bado liko kichwani. Maana mtoto alikuwa bado anaungua, na sasa sikuwa na wa kumlaumu ila mikono yangu.

Waliniandikia matone ya mdomoni na krimu ya fangasi, ambayo nilipaswa kuipaka na kwenye chuchu. Bi Mwajuma akanipa tyubu, na masharti kama ya kumwoa binti yake. Mwoshe kwa maji matupu, usisugue, mkaushe kwa kumgusagusa mpaka kwenye mikunjo. Paka kidogo, nyembamba, vuka mpaka wa wekundu kidogo. Mara mbili kwa siku. Hakuna mafuta ya mgando, hakuna poda, na hiyo plastiki ikawashie moto. Mwache wazi kila inapowezekana. "Na siku ya tano utaona amepona. Hajapona. Unapaka mpaka wiki mbili ziishe, hata kama ngozi imekuwa kama ya malaika. Umenielewa, kidato cha nne?"

"Nimeelewa."

"Nepi unaanika wapi?"

Nikamweleza: nyuma, chini ya migomba, kisha jikoni. Akavua miwani. "Juani kwenu hakuna?"

"Lipo mbele. Mbele yuko baba mkwe."

Hakucheka, ingawa kwao hawana mambo hayo. "Basi krimu nakuuzia kwa kazi bure," alisema. "Utampaka asubuhi na jioni, halafu unamvalisha nyumba ya fangasi upya. Chemsha nepi, anika jua kali, la sivyo baada ya mwezi utarudi hapa na mimi nitakufungia mlango."

Nilirudi Mpuguso kwa miguu kwenye manyunyu, tyubu nimeishika ndani ya mkono. Jikoni nikamweleza mama mkwe yote. Alisikiliza huku anageuza kande, mahindi na maharage, akakubali kila kitu mpaka tulipofika kwenye jua.

"Mbele hapana."

"Juba, ni nepi tu."

"Ni khanga zako. Nimekuona umezikata. Tata, baba wa hapa, aketi pale, nguo za mkamwana zinampiga usoni? Mimi nimekaa kwa mkwe wangu mpaka amekufa, hata ukanda wa gauni hakuuona."

"Na nepi za watoto wako ulianika wapi?"

"Nyuma."

"Walipona?"

Alikoroga kande muda mrefu. Nilijua kwamba kabla ya mume wangu juba alizaa mwingine, akafa mchanga, na hatukumzungumzia. Nilitamani niume ulimi. "Chukua pasi," alisema hatimaye, na akatoka. Ukuta ule ulikuwa wa mbao na udongo, na upande wake wa pili, ndani ya nyumba kubwa, redio ya mzee ilikuwa imezimwa. Sikulitilia maanani hilo siku ile.

Nikapiga pasi ya mkaa. Nepi kumi na mbili, mara mbili kwa siku, mpaka mkaa ukawa unanunuliwa kama sukari. Krimu ilianza kazi, wekundu ukapungua pembeni, lakini kwenye mikunjo ukabaki, kwa sababu nepi ya pasi inakauka juu na kubaki na unyevu kwenye pindo. Nikafika siku ya nne nimekwama. Siku ya tano, karibu saa nne asubuhi, jua likatoka. Halikuchungulia, lilitoka kabisa, mlima ukaonekana wote mpaka kilele, bati zikaanza kutoa mvuke. Kutoka mlango wa nyuma nililiona likimwagika uwanja wa mbele, na kamba yangu migombani iko kivulini inadondosha maji. Sekela alikuwa mgongoni, mtupu chini, anagumia. Nikachukua beseni.

Mimi si shujaa. Mimi ni mtu ambaye hupeleka ujumbe kanisani kwa kumtumia mwenzake. Nikazunguka kona ya nyumba na beseni langu. Baba mkwe alikuwa kwenye benchi, mgongo ukutani. Sikumtazama, niliona viatu. Akakohoa. Kile kikohozi kilikuwa na maana moja uwanja mzima: nipo, rudi. Siku zote nilirudi. Siku hiyo niliweka beseni chini ya waya nikatundika nepi ya kwanza, khanga ya maua mekundu, ikaniponyoka ikaanguka. Akakohoa tena. Nikaiokota. Nyuma yangu mlangoni nikasikia mama mkwe anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikasikia nguo inachakarika, nikaiba jicho kidogo tu, nikaona mzee amevua koti akalifunika kichwani, uso wote, amekaa wima hivyo kwenye benchi lake, mikono magotini, kama mzigo unaosubiri gari.

Nikaanika ya pili, na ya tatu. Kutoka ndani ya koti ikatoka sauti, kwa Kinyakyusa, pole pole, ikiongea na kuku.

"Nyie kuku, sijui mtu gani atawaambia kwamba waya wa upande wa mgomba umelegea. Mtu akianika vitu vizito vitafika chini."

Nikaenda kukaza waya. Nikafunga fundo baya.

"Kuku hawa hawajui kufunga," sauti ikasema. "Lakini basi."

Mama mkwe hakunisemesha kwa wiki. Alinipakulia chakula, akakisukuma kwa kijiko cha mti. Alipovunja ukimya ilikuwa ni kuniambia, "Umemfunika baba wa watu kichwa kama kuku anayeatamia," na Tupokigwe akaangua kicheko mpaka akamwaga chai, na hata juba mwenyewe midomo ikamcheza. Kutoka siku ile jua likitoka mzee alikohoa mara tatu, akabeba benchi lake, akaenda kukaa kwenye mibuni, kwenye baridi, anatazama upande ambao hakuna kitu cha kutazama. Jirani aliuliza amekosana na barabara? Nilianika. Nepi zikawa ngumu kwa ukavu, zinalia ukizikunja. Nikampaka Sekela asubuhi na jioni, nyembamba, nikivuka mpaka. Mikunjo ikafunga. Vipele vikatoweka kimoja kimoja. Siku ya nane alikuwa amekuwa mtoto mwingine, ananyonya na kucheka katikati, na Tupokigwe akasema sasa hiyo dawa iwekwe, ya nini kumpaka mtu mzima wa afya. Nikaiangalia tyubu, na nikamkumbuka Bi Mwajuma na mlango wake. Nikaendelea. Kila siku nilimkagua dirishani nikiwa na hofu ile ile, maana nilikwisha kudanganywa na ngozi nzuri mara moja.

Siku ya kumi na tatu mama mkwe na Tupokigwe walikwenda msibani. Niliacha nepi zote kumi na moja kwenye waya, ya kumi na mbili akiwa ameivaa, nikaenda bombani na mtoto mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nimezoea jua kwa siku chache nikajisahau niko wapi. Mlima ulifunga ghafla. Nikaona mvua inakuja juu ya mashamba ya chai kama mtu anayevuta pazia. Niliacha ndoo, sikumwomba mtu anishikie, nikakimbia, mimi ambaye sijakimbia toka shule, mtoto anaruka mgongoni. Matone yalinikuta kwenye mgomba wa kwanza. Nilikuwa nahesabu kichwani: zikiloa leo, kesho hakuna jua, keshokutwa hakuna, nitarudi kwenye moshi, mikunjo itafunguka. Nikazunguka kona nimelowa chapachapa. Waya ulikuwa mtupu.

Nilidhani upepo. Nilidhani wezi, ingawa mwizi gani. Nikazunguka nyuma, na kwenye kizingiti cha jiko langu, ndani ya mlango ambao baba mkwe hajawahi kuukaribia toka siku niliyoletwa, nilikuta beseni. Nepi kumi na moja zilikuwa ndani, zimekunjwa. Zimekunjwa vibaya, kwa nne, pembe hazikutani, kama mtu anavyokunja magunia ya kahawa. Kutoka kwenye kizingiti nyayo za tope, kubwa, za viatu, zilikwenda mpaka kona ya nyumba na kupotea. Upande wa pili wa ukuta redio ilikuwa inaongea kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Nilikuwa bado nimesimama pale nadondosha maji mama mkwe alipoingia na mwavuli wake. Aliangalia beseni. Akaangalia nyayo, akazifuata kwa macho mpaka mwisho. Nikangoja aseme. Alichukua tambara, akapiga magoti na nguo zake za msibani, akaanza kufuta nyayo moja baada ya nyingine, kwa haraka, kwa sababu Tupokigwe alikuwa njiani anakuja na tulimsikia anacheka na watu.

"Siku ngapi zimebaki za dawa?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Moja, juba. Kesho."

"Basi mpake ya leo. Usimwache na balidi."

Nikamlaza Sekela juu ya kitanda, nikamkausha kwa kumgusagusa, nikampaka. Kisha nikachukua nepi ya juu kwenye beseni, nikaibana shavuni kabla ya kumvika. Ilikuwa kavu, hata katikati.